Bega la Nahodha

Mara ya kwanza mzee Mwenze alipouliza, hakuna aliyejibu.

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi. Mvua ya Januari ilikuwa imepumzika kidogo, kama mtu anayevuta pumzi ili aendelee kupiga. Jeneza la Prezida Masengo lilikuwa limewekwa chini ya baraza kubwa la ghala lake, juu ya meza mbili zilizotolewa dukani, na juu yake ilitandikwa bendera ya FC Chuma, klabu aliyoishika mkononi kwa miaka ishirini na miwili. Wachezaji sita walisimama kandokando, watatu huku na watatu huku, wamevaa jezi nyekundu zilizofuliwa hadi zikawa rangi ya tofali. Hao ndio waliochaguliwa kubeba. Upande wa kichwa, kulia, mahali pa nahodha, alisimama Chadrack Kaumba. Miaka ishirini na tisa. Goti lake la kushoto lilikuwa limekazwa bandeji ndani ya suruali, mtu asilione.

"Mwenye kudai marehemu, aseme," mzee Mwenze alirudia. Huyu ni mjomba wa marehemu. Alitoka Mulongo kwa mtumbwi, akaunganisha pikipiki, akamalizia kwa miguu, na kwenye kifundo cha mkono wake ulining'inia ufunguo uliofungwa kwa uzi mweusi. "Kenye hakisemwe hapa kitaingia naye mu shimo. Kesho muntu asikuye kugonga ku mulango ya mujane."

Ndiyo desturi. Inaulizwa mara tatu mbele ya jeneza, halafu mdomo unafungwa. Na jambo lingine la desturi: vitu vya marehemu havifunguliwi mpaka siku arobaini zipite na ukoo ukae. Hata sindano haitoki.

Chadrack alihesabu kichwani. Lori la Kolwezi lilikuwa linaondoka sokoni saa tano. Mke wake Bijou alikuwa amekwisha kupeleka mfuko, akaukalia juu ya magunia ili mtu asichukue nafasi.

Mtu asiyejua mpira wa huku atauliza: sasa si aende tu? Aende vipi? Huku miguu ni ya mchezaji, lakini kutoka kwake ni kwa klabu. Bila barua ya kutoka, ile wanayoiita letre, yenye sahihi na muhuri, hakuna klabu duniani itakayokusajili. Utabaki unafunga magoli hewani. Na muhuri wa FC Chuma haukukaa ofisini, kwa sababu ofisi haikuwapo. Masengo alilala nao. Aliufungia katika sanduku la bati chini ya kitanda chake, pamoja na hati za malori, na aliyetaka kuondoka alijua pa kwenda kupiga magoti. Wapo walioingia katika klabu hiyo na ndevu changa wakatoka na mvi, na hawakutoka kwenda kucheza, walitoka kwenda kukaa.

Wiki tatu nyuma, kocha mmoja wa Kolwezi, wa klabu ya ligi kubwa, alipita Kamina akaona mechi ya kirafiki. Chadrack alifunga mawili siku hiyo. La pili alilifunga huku goti linalia, lakini goti halisikiki kutoka jukwaani. Kocha akamwita pembeni: "Ulete letre mbele ya samedi, midi. Kiisha pale, usijisumbue." Jumamosi hiyo, siku ya kufunga usajili saa sita mchana, ndiyo ilikuwa kesho. Kwa mtu wa miaka ishirini na tisa, maneno hayo hayasemwi mara mbili.

Alikwenda kwa Masengo mara nne. "Rudi kesho." "Rudi lundi." Mara ya nne Masengo alikuwa anakula, akamwambia bila kuinua kichwa, "Haraka ya nini? Mupira inakimbia?" Jumanne iliyofuata, mzee akaanguka dukani katikati ya mifuko ya simenti, hakuinuka tena.

Alipobaki katibu, Ruffin, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, Chadrack alimfuata usiku uleule. Ruffin alimhurumia kweli. "Kusaini minyi naweza, statuti inasema kama Prezida hayuko, katibu anasaini. Lakini bila kashe, ule muhuri, sahihi yangu iko sawa na mukojo ya mbuzi mu mvua."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sahihi ilikuwapo imesimama na kalamu tatu. Muhuri ulikuwa chini ya kitanda. Ufunguo ulikuwa unaning'inia mkononi mwa mzee wa Mulongo, na siku arobaini zilikuwa mbele.

"Mara ya tatu," alisema mzee Mwenze. "Mwenye kudai marehemu?"

"Minyi," alisema Chadrack.

Vilio vya wanawake vilikatika kama uzi. Mjane, mama Marie-Thérèse, aliinua uso kutoka kwenye mkeka.

"Weye? Unadai nini, weye? Alikulisha! Ile viatu ya mupira nani alikupa?"

"Ngozi ya viatu ilikuwa yake, mama. Vidole vilikuwa vyangu."

"Yoo! Musikie huyu! Mbele ya maiti!" Mwanamke mmoja wa duka akapiga makofi ya aibu. "Aseme ni franga ngapi, tumupatie aende, aache muzee apumzike!"

"Sidai franga," alisema Chadrack. "Nadai letre yangu. Ruffin yuko hapa, atasaini. Kashe iko mu sanduku. Mufungue sanduku, mutoe kashe, mufunge. Hakuna kingine."

"Siku arobaini," alisema mzee Mwenze.

"Kesho midi, papa. Kesho midi wanafunga kule. Siku arobaini minyi nitakuwa nimekwisha."

"Siku arobaini, mutoto yangu. Desturi haijui mupira."

Hapo Chadrack alitoa mkono wake kwenye kishikio cha jeneza. Hakufanya kwa hasira. Aliutoa polepole, kama mtu anayeshusha mzigo wa mwenzake. Akarudi nyuma hatua moja.

"Basi sibebe."

Sikilizeni vizuri. Hawa ni watoto wa reli. Walinyonya maziwa ya mama zao huku baba zao wakikaa kwenye mataruma na mikono imekunjwa. Hakuna aliyewafundisha namna kazi inavyosimamishwa, waliikuta nyumbani kama chumvi. Beki wa kulia alitoa mkono wake. Golikipa akafuata. Wakafika sita, wote hatua moja nyuma, na jeneza likabaki peke yake juu ya meza zake mbili, na bendera yake, na uzito wake wote.

"Munafanya greve ku kilio?" mtu aliuliza, na mwingine, nyuma kabisa, akashindwa kujizuia, akacheka.

Nje ya lango, juu ya jiwe kando ya barabara, alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya reli. Huyo alikuwa papa Cyprien, baba yake Chadrack, dereva wa treni mstaafu, miaka sabini na moja. Alikuja kilioni kwa sababu mtu wa mtaa huja kilioni, lakini alikuja mpaka langoni tu. Mguu wake haukuwa umevuka lango la Masengo kwa miaka thelathini. Aliposikia neno greve, lile la migomo ya reli, mgongo wake ulinyooka.

Na sababu ya mguu huo kutovuka ilikuwa juu ya vichwa vya watu wote. Wengi wamesahau, lakini mabati hayajasahau. Miaka ile ya njaa, miezi ilipopita bila mshahara na watu wakachemsha majani ya muhogo bila chumvi, Masengo alipita nyumba kwa nyumba na gari la unga. Hakununua viti wala redio. Alitaka mabati. Bati moja, bakuli moja la unga wa bukari. Watu walipanda juu ya nyumba zao wenyewe wakang'oa misumari, Cyprien naye alipanda, na ghala hili likaezekwa kwa paa za wenye njaa. Hata leo matundu ya misumari ya zamani yanaonekana. Mvua ikinyesha, yanawadondoshea waombolezaji tone kichwani, moja moja.

Mzee Mwenze alitazama jeneza. Siku ya tatu, na joto. Alitazama wanaume waliokuwa wamekaa vitini, kila mmoja akichunguza viatu vyake. Hakuna aliyesimama kuchukua kishikio. Hapo ndipo alipojua mpwa wake alikuwa mtu wa namna gani, au alikumbuka.

"Nikifungua," alisema, "utabeba?"

"Nitabeba."

"Mpaka ku shimo?"

Chadrack alitazama njia ya sokoni. "Mpaka ku shimo."

"Neno ya mwanaume?"

"Neno ya nahodha."

Sanduku la bati lililetwa na vijana wawili, likawekwa chini, na mzee akafungua uzi mweusi kwa meno. Ndani mlikuwa na hati za malori, saa iliyosimama, muhuri umeviringishwa katika kitambaa, kibweta cha wino, na chini ya hayo, furushi la bahasha lililofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mzee Mwenze alidhani ni mambo ya ukoo. Akafungua furushi, akasoma jina la juu kwa sauti.

"Kanyinda."

Watu wakatazamana. "Kanyinda yupi?" mzee aliuliza.

"Wa muguu ya kushoto," alijibu Ruffin kwa sauti ndogo. "Udongo ulimufunika mu mashimo ya kobalti, Kolwezi. Hata kule alifika, lakini haikuwa kwa mupira."

"Jessé."

"Mutoto ya soda, ya yule askari," alisema mwanamke mmoja. "Iko ku baze ya jeshi, anauza kredi ya telefone. Ile anauza muchana, anakunywa mangaribi."

"Mwanza."

Mwanamume mnene wa miaka arobaini na kitu alisimama kati ya viti, ameinua mkono kama mtoto wa shule. "Minyi huyu. Yangu inatoka wapi?"

Mzee alisogeza karatasi mbali na macho. "Lubumbashi. Wanakuomba. Mwaka wa elfu mbili na ine."

"Elfu mbili na ine," alisema Mwanza. Akakaa. Akaanza kucheka, akacheka mpaka mabega yakamruka, na jirani yake akamshika mkono kwa sababu hicho hakikuwa kicheko tena.

Ziliendelea kusomwa. Kumi na moja zilikuwa, timu nzima. Winga, mlinzi, golikipa aliyekuwa na mikono kama koleo. Wote waliambiwa, "Hakuna anayekutaka, mutoto yangu, jikaze." Wote walijikaza.

"Chadrack Kaumba," alisema mzee Mwenze.

Chadrack alidhani ni barua ya Kolwezi. Lakini karatasi ilikuwa ya manjano. Klabu moja kubwa ya Lubumbashi ilikuwa inamwomba kijana Kaumba, mshambuliaji, umri miaka kumi na tisa. Na nyuma yake ilibandikwa barua ya kutoka kwenda klabu hiyo, imesainiwa, imepigwa muhuri, safi, tayari. Miaka kumi ilikuwa imelala chini ya makalio ya Masengo. Pembeni, kwa penseli, palikuwa na mstari mmoja, na mzee aliusoma kabla hajafikiri:

"Asipewe mpaka baba yake akuye kwangu mwenyewe kuomba."

Vichwa vyote viligeuka langoni.

Papa Cyprien alikuwa amesimama. Kofia ilikuwa kichwani.

"Papa," alisema Chadrack. Hakupaza sauti, umbali ule haukuhitaji. "Ulijua?"

"Alinitumia muntu mara tatu," alisema papa Cyprien.

"Na weye?"

"Nilisema ku mulango yake siende kupiga magoti." Kidevu kilikuwa juu bado, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Ningeingia pale, Chadrack, ningepita chini ya mabati yangu. Mama yako alilowa mvua mwaka muzima, ana mimba yako. Ningepita chini ya mabati yangu niseme, patron, tafazali?"

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa, papa."

"Ulikuwa unacheza sana." Mzee alifungua mikono kama anayeonyesha kitu kilichokuwamo na sasa hakimo. "Niliwaza ingine itakuya. Niliwaza mutoto anacheza vile, hata Mungu mwenyewe hawezi kumufungia."

Ingekuwa rahisi kumtupia maiti yote. Maiti hajibu, na huyu alistahili mengi. Lakini ukweli una makali pande mbili: Masengo alifunga mlango, na Cyprien alikataa kugonga, na kati ya viburi viwili vya wazee kijana alisimama barazani akakua, akavunjika goti kwenye uwanja wa mawe, akawa mtu mzima anayefunga bandeji kwa siri. Maneno yote Chadrack aliyokuwa nayo yalikuwa ya mtoto wa miaka kumi na tisa, akamgeukia katibu.

"Andika," alimwambia Ruffin.

Ruffin aligeuza kiti cha plastiki, akaandika juu ya mgongo wa kiti, mistari mitano. Akasaini. Akabonyeza muhuri kwenye kibweta, akaupiga: karatasi ikabaki nyeupe. Wino ulikuwa umekauka. Akautemea mate, ikatoka alama ya kijivu kama kidonda kilichopona. Wakati huo mvua ikarudi, na kutoka kwenye tundu la msumari juu yao likaanguka tone, halafu jingine. Ruffin alisogeza kibweta chini ya tundu, akangoja, matone kumi, kumi na mawili. Akapiga tena. Safari hii ilitoka: FC CHUMA, KAMINA, bluu, imelowa, inasomeka.

Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi na saba.

Chadrack aliziweka barua zote mbili, ya manjano na mpya, ndani ya mfuko wa plastiki, akauweka kifuani. Akatazama barabara. Makaburini ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, na jeneza halikimbizwi. Kwenda sokoni ni robo saa. Akarudi mahali pake, akashika kishikio, na wale watano wakashika vyao. Alikuwa amesema mpaka shimoni. Na hata asingesema: mahali pa mbebaji hapaachwi wazi. Aliyegusa jeneza akaondoka, nafasi yake inashikwa na mtu wa damu yake au haishikwi na mtu, na jeneza lenye nafasi wazi, wanasema, hurudi nyumbani kuchukua mwingine.

"Tuinue," alisema mzee Mwenze.

"Mungoje."

Papa Cyprien alikuwa amevuka lango. Alitembea kana kwamba ua ule ni maji na hajui kina chake. Alipofika chini ya paa alivua kofia ya reli, akaiingiza mfukoni, na hakuangalia juu. Alifika karibu na mwanawe, wakawa bega kwa bega.

"Toka."

"Papa, mugongo yako..."

"Toka, nimesema. Minyi niko damu yako ao siko damu yako?"

"Ile bega haitaweza."

"Itaweza. Ilikataa kuinama miaka makumi tatu, imepumzika sana." Akajaribu kutabasamu, ikashindikana. "Ukimbie, Chadrack. Kamio ya Kolwezi haina baba, haitakungoja."

Chadrack alitoa mkono. Mkono wa mzee ukaingia palepale, kabla kishikio hakijapoa. Jeneza likapanda mabegani, na wale waliokuwa karibu waliona mzee Cyprien, aliyefiwa na mke asiiname, akiinama.

Alikimbia. Alipita reli, akapita soko la samaki wakavu wa Kinkondja, watu wakamkwepa. Hatua mia mbili za kwanza zilikuwa zake za zamani. Katika zilizofuata goti lilianza kuuliza, na mbele ya pampu ya maji likajibu lenyewe, paa, kama kijiti ndani ya kitambaa chenye maji. Hakuanguka. Alifika akiruka kwa mguu mmoja, lori linanguruma tayari, na Bijou juu ya magunia anapiga kelele, "Mumungoje! Bwana yangu yule! Mumungoje!" Mikono ilimvuta juu. Bijou akamwekea kiganja shavuni, akamwachia nafasi, akashuka upande wa pili, maana nauli ilikuwa ya mtu mmoja.

"Papa huyu amefika mwisho ya pumzi," alisema kijana mmoja juu ya magunia, akimtazama Chadrack. "Unaenda Kolwezi kuchimba, papa?"

"Kucheza mupira."

Wakacheka wote, kicheko kizuri cha safari kisicho na ubaya. "Weye? Na ile muguu? Unataka kusema kocha!"

Kwenye njia ya makaburini lori lilisimama. Dereva alizima injini, akavua kofia, kwa maana motoka haiendi mbele ya maiti. Maandamano yalikuwa yanakuja kwenye matope, taratibu kuliko inavyotakiwa. Kutoka juu ya magunia kila kitu kilionekana. Jeneza lilikuwa limeinama upande mmoja. Mabega matano yalikuwa sawa. Lile la mbele kulia, la nahodha, lilikuwa linazama.

"Huyu muzee atawaangushia," mtu alisema. "Hawana vijana?"

Chadrack alipitisha mguu mzuri juu ya ubao wa lori. Akakaa hivyo, nusu ndani, nusu nje, mvua inampiga usoni. Baba yake alikuwa hatua kumi kutoka pale. Shavu la mzee lilikuwa limebanwa kwenye ubao wa Masengo, macho yake yanatazama matope, na mdomo wake unaenda, anahesabu hatua kama watu wa reli wanavyohesabu mataruma. Kisha macho yakainuka, yakaona lori, yakaona mguu uliokuwa nje. Mzee hakuweza kusema na hakuweza kutikisa kichwa. Alifunga macho tu, kwa nguvu, akayafunga mpaka alipopita.

Jeneza lilipotea kwenye kona. Dereva akavaa kofia, akawasha injini.

Chadrack aliurudisha mguu ndani. Ule mwingine, wa kushoto, ulikuwa umenyooka juu ya magunia, umevimba, haukunjiki tena. Aliuinua kwa mikono miwili, akauweka karibu yake kama mzigo wa mtu mwingine, akaushikilia hivyo mpaka lori lilipoanza kutikisika.